Mkunjo wa Severina

Severina ni fundi cherehani wa Ipogolo, Iringa, na hisabati ilikuwa imemshinda mara mbili. Chuo cha uuguzi alichokitamani hakipokei mwenye F ya somo hilo. Alipojiunga na darasa langu la jioni katika ukumbi wa usharika aliniambia wazi: mtihani huu wa tatu ukimshinda, anaacha.

Tulipofika kwenye grafu za milinganyo ya kipeo cha pili, wengine walisinzia. Yeye aliitazama parabola ya x² − 4 ubaoni, akacheka.

"Mwalimu, hii si shingo ya gauni?"

Fundi akikata shingo hukunja kitambaa katikati, hukata upande mmoja tu, na akikunjua pande zinalingana. Severina akakunja karatasi kwenye mstari wima wa sifuri, akatafuta nukta za kulia, za kushoto akazipata kwa kutoboa na pini. Zilikaa barabara. Mimi, mjinga, nikampigia makofi mbele ya darasa.

Nilijua kwamba ukiongeza x pale katikati ya mlinganyo, mkunjo unahama. Nikasema nitamwonyesha wiki ijayo. Wiki hiyo nilikuwa msibani Mafinga, iliyofuata mvua ikatuzuia, kisha mtihani ukafika.

Matokeo yalipotoka, alikuwa na F. Alinifuata ukumbini akanieleza swali la grafu lililotoka: x² − 4x + 3. Alikunja kwenye sifuri, kama nilivyomsifu. Yakatokea mabonde mawili yaliyoshikana, sawa na shingo ya moyo wanayoipenda maharusi ikigeuzwa juu chini, naye akazidi kuamini kwamba amepatia. Walipoulizwa majibu ya mlinganyo, akasoma manne, mawili kila upande. Mlinganyo wa aina hiyo hauzidi majibu mawili. Hata hilo sikuwahi kumwambia.

Kisha akaichora upya mbele yangu, akakunja kwenye mbili. Ilikuwa sahihi kabisa.

"Nani kakufundisha?"

"Nimekaa nayo mwenyewe tangu mtihani wa Novemba." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mwalimu, ulikuwa unajua kama mkunjo unahama?"

"Nilijua."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Nilitafuta uongo nikaukosa. "Nilikuona umefurahi."

Akaniaga kwa adabu, akarudi kwenye cherehani yake. Jumatatu niliita jina lake kwa mazoea, na hakuna aliyeitika.