Sahani ya Ming'oko

Mama alikuja kwangu Dar akitokea Mnero, Nachingwea, na mguu uliovimba na kiroba cha ming'oko, vile viazi vya porini tulivyokuzwa navyo. Daktari alitaka kumwona kila wiki. Mimi nilitaka abaki kabisa.

Nilipanga ghorofani, kwenye jengo lenye geti na mlinzi. Miaka minne sikumjua hata jina jirani wa mlango wa pili. Tukipishana kwenye ngazi, kila mtu anatazama simu yake. Kodi ilikuwa kubwa, nadhani tuliona tumelipia na kutosumbuliwa. Nyuma ya ukuta wetu kulikuwa na nyumba ya wapangaji wa chumba kimoja kimoja, wanaochota maji bomba moja, wakigombana asubuhi, jioni wakisukana nywele. Madirisha ya upande ule niliyafunga.

Mama alichemsha ming'oko, akaipakua kwenye sahani zake mbili za bati.

"Majirani wajue mgeni amefika," alisema.

Ya kwanza niliipeleka mlango wa pili. Mlango ulifunguliwa kidogo, nikaambiwa hapa hatuli vitu hivi. Ya pili mama aliibeba mwenyewe, akachechemea hadi nyuma ya ukuta, akarudi mikono mitupu anacheka. Amepata mwenzake, mama muuza vitumbua. Tangu siku hiyo kila alasiri alikuwa huko, na mguu wake ukapata nafuu kidogo.

"Na sahani yako?" nilimuuliza.

"Itakuja. Kwetu sahani hairudi tupu, hata ikitiwa chumvi tu."

Jumamosi moja mwenzake huyo alikuja kumsalimia. Alipiga hodi kwa sauti ya kusikika jengo zima, kanga imelowa mafuta, akaketi kwenye kochi langu jeupe. Nilikuwa na wageni wa kazini. Niliona aibu, na leo naionea aibu ile aibu. Alipoondoka nilishuka kumwambia mlinzi asiruhusu tena mtu wa nyuma ya ukuta. Kisha nikamwambia mama kwamba huku si Mnero, asiende tena kule.

Hakubisha. Alikaa ndani wiki mbili, akinawa, akiswali, akitazama ukuta. Halafu akaomba nauli, matibabu hayajaisha.

"Mguu ni mguu tu, mwanangu. Ila huku nanyamaza mno."

Nilimbembeleza, wapi. Alikuwa ameshafunga kiroba chake.

Alifariki huko Mnero, msimu wa korosho. Watu waliacha mikorosho yao wakaja na unga kichwani, wengine kutoka Nambilanje huko Ruangwa, na hakuna niliyempigia simu. Walilala matangani siku tatu. Mimi mtoto wake nilikuwa nao, nikijiona mgeni.

Niliporudi Dar, nilimkuta yule muuza vitumbua amesimama nje ya geti. Mkononi ana sahani ya bati iliyofunikwa kwa kitambaa.

"Afadhali nimekupata, baba. Mara ya ngapi hii nakuja, mlinzi ananirudisha. Sijui nilimkosea nini."

Mlinzi aliangalia chini. Hakunitaja.

"Mpe mama, bado vya moto," alisema, akinikabidhi. "Mwambie sikuisahau sahani yake. Na mguu je, unaendeleaje?"

Niliipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito, imejaa hadi ukingoni, na yeye alikuwa akinitazama usoni akisubiri jibu.