Brandi Ndani ya Dhili

Kitu cha kwanza kunishtua Garissa kilikuwa bia moto. Si moto wa kuchemshwa, la, moto wa kukaa kwenye kreti chini ya mabati mchana kutwa, na mchana wa Garissa wanaoujua wanaujua, hata maji ya mtungi unaweza kumwogesha mtoto mchanga. Mtu anatoka ofisini shati limemganda mgongoni, namfungulia friji, namwonyesha chupa zinatoka jasho, naye ananitazama kama nimemtukana.

"Nipe ya moto," anasema. "Baridi wape watoto."

Kazi yangu ilikuwa kaunta. Kantini yenyewe chumba kimoja tu, nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa serikali, wale watu wa bara waliopelekwa kule na barua ya uhamisho wakaenda wakinuna. Wenyeji hawakuingia, kwao pombe ni haramu, na sisi kwa heshima mlango wetu ulitazama ukuta. Nilifika miaka ya tisini ndiyo inaanza. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo maneno yangu yakitangatanga kama mbuzi wa soko lile, msishangae, yatarudi zizini.

Kwa kuwa kuandika kulikuwa kazi, nilishika kwa kichwa kila mtu anakunywa nini. Karani wa ardhi alikuwa wa moto, bila glasi, na kizibo lazima afungue mwenyewe; ukimfungulia anasema umemwibia sauti. Mwalimu mkuu alikuwa wa bia nyeusi na yai bichi. Anapasua yai ukingoni mwa glasi, linazama, analizungusha, halafu anameza lote na kiini chake kizima. Mara ya kwanza nilitoka nje nikashika ukuta. Dereva wa lori la maji, aliyekuwa akipeleka maji huko Dadaab, alitaka jini na ndimu za mashamba ya Tana, na juu yake pilipili mbichi iliyopasuliwa. Bila pilipili, alisema, jini ni manukato ya bibi harusi.

"Mwalimu," dereva alikuwa anaanza, "hilo yai si ungelingojea lianguliwe?"

"Wewe unayekunywa achari, nyamaza."

"Achari inaua minyoo. Yako inaongeza kuku tumboni."

Basi ndivyo jioni zilivyokwenda. Kila mmoja aliona ladha yake ndiyo akili, ya mwenzake ndiyo ugonjwa.

Lakini aliyewashinda wote ni Daktari. Daktari wa mifugo, mtu mnene, mcheko mkubwa, wafugaji walimpenda sana kwa sababu ukimwambia ngamia ameanguka hakuuliza ni saa ngapi. Yeye alikuwa wa brandi, tena ya aina moja, na hainywi peke yake. Aliichanganya kama mtu anayepika. Leo na soda ya machungwa, kesho na chai ya rangi yenye tangawizi, kesho kutwa na maji ya ukwaju. Anaonja, anafumba macho, anainua kidole, na sisi wote tunangoja kama mbele ya hakimu. Halafu anasema "Bado," au anasema "Imekubali."

Mimi mwenyewe sikuvinywa vitu hivyo. Kwetu Ukambani nililelewa na pombe ya asali ya babu, iliyokaa kwenye kibuyu chake, na kibuyu hicho hakikutiwa kitu kingine. Nilikitia uji siku moja, nikiwa mdogo. Bibi alinichapa hadi nikasahau jina langu, uji akawamwagia kuku, na kibuyu babu akakitazama siku nzima kama mtu aliyefiwa. Ninalisema hili ili mjue kwamba habari ya chombo kuchanganyiwa nilifundishwa mapema. Sina kisingizio.

Sasa kulikuwa na mama mmoja Msomali, jirani yangu nilikopanga chumba, aliyekuwa akiuza maziwa ya ngamia kando ya soko. Alivuka mpaka vita vilipoanza kwao, na mjukuu wake mgongoni, na mkononi kitu kimoja: dhili. Hicho ni chombo cha maziwa, kimesukwa kwa nyuzi za mizizi, zimebana hata tone halipenyi, na kifuniko chake ndicho kikombe. Mama yake ndiye aliyekisuka. Mama yake huyo alikufa njiani, wakamzika njiani.

Maziwa yalitoka porini kwenye mitungi ya plastiki, hivi hivi tu. Wachuuzi wengine waliuza hivyo hivyo. Yeye alichukua vijinga vya moto vya mti fulani, akavitia ndani ya chombo, akafunika, akatikisa, akamwaga majivu, ndipo akatia maziwa. Yakitoka hapo yana moshi ndani yake, yana kitu cha nyama choma na kitu cha mvua, sijui niseme vipi. Na ulimi wake! Alionja tone kutoka kiganjani akasema huu ni mti gani, na ngamia hawa wamelisha kwenye ardhi ya chumvi au la. Nilijiambia, mama huyu angekaa na wanywaji wangu angewafunga midomo wote. Vya kuuza alikuwa na vyombo vingine vikubwa. Ile dhili ya mama yake ilikuwa ya nyumbani, yake na ya mjukuu.

Mwaka mmoja mvua ilikata barabara ya Nairobi. Lori la vinywaji halikuja. Bia ikaisha, soda zikaisha, ukwaju sokoni ukaisha, zikabaki chupa za brandi zinatutazama kutoka rafu. Daktari akawa kama mpishi asiye na chumvi. Jioni moja akaniita pembeni.

"Mzee wa kaunta, yule jirani yako wa maziwa."

"Ndiyo, Daktari."

"Niletee. Ya moshi."

Nilifikiri tumbo linamsumbua. Kumbe! Alipoyamimina kwenye glasi ya brandi nikapiga kelele kabisa. Maziwa! Ya ngamia! Nikangoja yakatike. Hayakukatika. Yakageuka rangi ya ngozi ya mtu mweupe aliyekaa juani. Daktari akaonja, akafumba macho, kidole kikapanda, kikakaa juu muda mrefu.

"Imekubali," akasema kwa sauti ya kanisani.

Mwalimu mkuu, yule wa yai, akasema, "Mungu atusamehe." Yeye!

Kesho yake Daktari akataka zaidi, na mama akaniuliza mbona nanunua mara mbili kwa siku. Daktari alikuwa amenifundisha la kusema. Nikasema kuna mgonjwa, ana vidonda vya tumbo. Mama akashika kifua. "Masikini. Mgonjwa anywe maziwa ya dhili, ile ya sokoni hapana." Akatia moshi ile dhili ya mama yake, akaijaza, akanikabidhi kwa mikono miwili, akasema maneno ya dua. Nikaibeba nikipita vichochoroni kama nimebeba yai.

Siku mbili nilimimina kutoka kwenye dhili hadi kwenye glasi, nikairudisha safi. Siku ya tatu nilikuwa nyuma ninapanga kreti tupu. Niliporudi nilimkuta Daktari ameshika dhili magotini, chupa ya brandi imeinama juu yake, inaimba glugluglu.

"Daktari! Hicho ni chombo cha watu!"

"Tulia. Moshi uko kwenye ukuta wa chombo. Glasi inaupoteza." Akatikisa, akamimina kwenye kifuniko, akanywa. "Sasa hii," akasema, "hii haijawahi kutokea duniani."

Nikamweleza ni ya mama yake yule muuza maziwa, aliisuka kwa mikono yake, naye amekufa. Daktari akacheka, si kwa ubaya, alicheka kama mtu asiyeona shimo. "Si utaiosha?"

Niliosha kwa maji ya moto, kwa majivu, kwa mchanga. Niliingiza pua ndani. Mimi sikusikia kitu, ila nilijua pua yangu ni ya kaunta, imezoea, ni kama kumwuliza muuza samaki kama nguo zake zinanuka. Nikairudisha. Mama akauliza mgonjwa anaendeleaje. Nikasema anaendelea vizuri.

Hapo ndipo kosa langu lilipo. Kutia brandi kulikuwa kwa Daktari, kunyamaza kulikuwa kwangu. Kila asubuhi nilipita mlangoni pake nikasema asalamu aleikum, nikaona dhili imetundikwa kwenye msumari wake, nikajiambia leo nitasema, nikapitiliza. Nilimwambia Daktari mgonjwa asitafutiwe tena maziwa. Nilifikiri hilo latosha.

Siku ya nne tangu niirudishe, Mama aliniita. Alikuwa anatabasamu, na yeye si mtu wa kutabasamu bure.

"Wewe, walalo, ndugu yangu, njoo. Mimi nauliza kitu."

Nikaingia. Mjukuu alikuwa amekaa chini, ameshika kile kifuniko kwa mikono miwili.

"Ile siku ya mwisho ulipeleka dhili," akasema, "wewe ulitia moshi kwa mti gani?"

"Mti?"

"Wallahi nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Maziwa iko na ladha sijui. Tamu kidogo, halafu moto kidogo huku nyuma." Akajigusa koo. "Mimi najua miti yote, ya huku na ya kwetu. Huu sijui. Nikasema huyu amenipa zawadi, ametia mti wa kwao Ukambani. Na huyu mtoto, yeye mwenye alikuwa hataki maziwa, sasa anamaliza, analamba kifuniko. Niambie jina ya mti."

Mtoto akalamba kifuniko.

Nimeona mambo, nimeona mamba wa Tana akimchukua mbuzi nikiwa hatua tatu. Sijapata kushtuka vile. Ningeweza kutaja mti wowote. Angeamini, angenituma niulete, na mtoto angeendelea kulamba.

"Mama," nikasema, "si mti."

"Si mti?"

"Ni pombe."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilikaa pale usoni peke yake, kama taa iliyoachwa ikiwaka, mwenye nyumba ameshatoka. Alikuwa anangoja nimalizie mzaha. Nikamweleza yote: mgonjwa asiye na ugonjwa, kantini, chupa. Nikasema na kuosha, nilidhani kutanisaidia.

Hakupiga kelele. Alimnyang'anya mtoto kifuniko. Akachukua birika, akasukutua mdomo, akatema nje, tena, na tena. Akamshika mtoto, akamwosha ulimi kwa kidole, mtoto analia. Halafu akanigeukia.

"Siku ngapi?"

"Nne, Mama."

"Nne. Na kila siku umepita hapa. Umesema asalamu aleikum."

"Ndiyo, Mama."

"Astaghfirullah," akasema, na sikujua ni kwa ajili yake au yangu.

Jioni hiyo nilimwambia Daktari. Glasi ilikuwa mkononi mwake. Aliitazama, akaenda mlangoni akaimwaga mchangani. Kesho yake Daktari alikwenda mwenyewe. Nilikuwa nimesimama kando. Alivua kofia.

"Mama, mimi ndiye yule mgonjwa wa tumbo."

Mama akamtazama mwili mzima ule. "Tumbo yako imepona?"

Daktari akasema atamtafutia dhili mpya, nzuri kuliko hiyo. Mama akauliza kama mama yake ndiye ataisuka. Daktari akaondoka, na brandi na maziwa hakuchanganya tena mbele yangu.

Mama alikwenda kumwuliza maalimu wa chuo cha Kurani. Maalimu akamwambia asiyejua hana dhambi, wala mtoto hana, na chombo kioshwe mpaka harufu na ladha viishe, basi kimetakata. Ilikuwa habari njema. Mtu mwenye pua hafifu angemaliza siku hiyo hiyo. Lakini anayepima ni nani? Ni yeye, mwenye ulimi ule. Aliosha, akaanika, akatia moshi, akanusa, akaanza upya. Wiki nzima, mwezi. Maalimu mwenyewe alinusa akasema mama, imetosha. Majirani walinusa. Yeye alitikisa kichwa.

Hakuninyima maziwa. Nilidhani ataninyima. Niliposogea na chupa yangu, nikiwa nimeinama, alichukua mtungi wa plastiki uliotoka porini, akanipimia kwa kikombe cha plastiki, akanipa. Wateja walionitangulia na walionifuata walipata ya moshi. Mimi yangu hivi hivi. Mafuta, chumvi kidogo, na hakuna kitu. Sikuuliza. Niliyanywa hivyo hivyo miaka iliyobaki, nikajifunza kwamba kuna adhabu ya ulimi.

Miaka ya tisini ikikaribia kuisha kantini ilifungwa, nikafunga virago. Nilikwenda kumuaga. Mtoto alikuwa ameshakuwa mkubwa, anaandika Kiswahili kuliko mimi. Dhili ilikuwa kwenye msumari wake, kifuniko pembeni, mdomo wazi ukitazama jua. Mama aliona ninaitazama. Akaishusha, akaniletea usoni.

"Nusa."

Nikanusa. Nikavuta pumzi yote niliyokuwa nayo. "Moshi tu, Mama. Wallahi ni moshi tu."

Akaichukua, akaingiza uso wake mle ndani, akafumba macho. Nikangoja nimeshika kamba ya sanduku langu.

"Bado," akasema, akairudisha kwenye msumari.