Vali Alizozikataa Nangila

Mwezi wa Februari mwaka jana, Nangila Makhanu alihitaji kutoka kwangu barua moja tu. Zahanati mpya ilikuwa ikijengwa Keringet, na kamati ya ujenzi ilikuwa imekubali kumpa kazi yote ya mabomba iwapo angeleta, kabla mwezi haujaisha, ushuhuda wa maandishi kutoka kwa mtu aliyewahi kumwajiri. Ingekuwa kazi yake ya kwanza kwa jina lake mwenyewe, baada ya miaka kumi na tisa ya kufanya kazi ambazo wanaume walizitilia sahihi. Mimi nilikuwa katibu wa chama cha wanawake kilichomwajiri. Nina shahada mbili. Barua kama hiyo ingenichukua robo saa. Sikuiandika.

Nangila alizaliwa hapa Nakuru, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, ambako baba yake aliletwa na kazi kutoka Bungoma. Alipojiandikisha chuo cha ufundi, mwalimu wa zamu alimwonyesha darasa la ushonaji bila hata kumuuliza alichokuja kusomea. Alikwenda akaketi darasa la mabomba, msichana peke yake, na hakuna aliyethubutu kumwondoa. Nilipomfahamu alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, anayeweka sikio ukutani kusikiliza bomba kama daktari asikilizavyo kifua.

Chama chetu kina walimu kumi na wawili. Tulijenga nyumba nane za kupangisha, gorofa tatu, katika mtaa wa Section 58, na kazi ya maji tukampa yeye. Hata hivyo tulimpa kwa desturi yetu ya hapa, ambayo leo inanikera kuliko nilivyowahi kuisema hadharani: fundi huandika orodha, mwenye nyumba huenda dukani mwenyewe. Tunasema ni uangalifu. Ukweli ni kwamba tumeamua, kabla ya kumjua mtu, kwamba mwenye spana mkononi ni mwizi. Tunamwamini afukie mabomba ndani ya kuta zetu, ila hatumwamini achague kipande cha chuma kinachotoshea kiganjani.

Kipande chenyewe ni vali ya pembe, ile ambayo mafundi huiita engo. Hukaa chini ya sinki, kando ya choo, chini ya hita ya maji. Hupokea maji kutoka ukutani na kuyageuza yapande kwenye mpira unaoelekea kwenye bomba. Kazi yake kubwa ni kufunga maji ya sehemu moja bila kuinyima maji nyumba nzima. Nangila alinieleza aina zake akiwa amechuchumaa kwenye saruji mbichi, akiandika orodha juu ya goti.

"Kuna ya kuzungusha mara nyingi, Mwalimu, ndani ina mpira. Ule mpira unachoka, halafu maji yanaanza kutiririka polepole. Kuna ya robo mzunguko, ina visahani viwili vya kauri. Hiyo ndiyo nataka jikoni na bafuni. Chooni nataka yenye midomo miwili, mmoja wa tangi, mmoja wa bomba la kujioshea. Na zote ziwe na chujio. Mgao wa maji ukiisha, maji ya kwanza huwa ni tope."

"Na chapa gani?"

"Chapa si neno. Iwe brasi tupu, ile shaba ya manjano. Ishike, uone kama ina uzito. Maji yetu yana chumvi nyingi, yanakula madini dhaifu."

Nilikwenda dukani na orodha hiyo. Muuzaji aliweka mbele yangu vali mbili. Moja ilikuwa nzito, yenye rangi ya manjano iliyofifia. Nyingine ilikuwa nyepesi, iliyopakwa kromu, na ilimetameta kama kioo.

"Madam, hizi ni kitu moja," alisema. "Hii ya manjano ni ya wazee. Hii inang'aa ndiyo wapangaji wanapenda. Ama fundi wako amekwambia nini? Hao hupenda vitu vizito ndio waende kuuza kwa chuma chakavu!"

Alicheka, nami nikacheka. Kicheko hicho ninakikumbuka kuliko mengi mengine. Nilinunua zinazong'aa kwa nyumba zote nane.

Nangila alifungua katoni, akachukua moja, akaipima kiganjani. Alipuliza ndani yake, akaigeuza, akakwaruza shingo yake kwa ncha ya bisibisi. Chini ya kromu kulikuwa na kijivu.

"Mwalimu, hii ulinunua kwa kazi ama kwa sura? Hii ni ya kuvaa sikioni uende nayo harusini."

Mafundi wa rangi waliangua kicheko, na uso wangu ukawaka moto.

"Muuzaji amesema ni zilezile."

"Muuzaji hatapanda hapa siku ikipasuka. Hii ni zinki. Shingo itakatika. Rudisha, tafadhali."

"Nangila, wewe ni fundi au mkaguzi? Wapangaji wanaingia Jumatatu."

Aliirudisha ile vali ndani ya katoni. Kisha akasema, bila ukali wowote, "Basi niandikie mstari mmoja, kwamba mimi nilikataa na wewe ukasema ziwekwe."

Niliona ni dharau. Nilimwambia kwamba mimi si mtu wa kuandikishwa na fundi wangu, na kwamba kama hakutaka kazi wako wengine wengi. Alizifunga zote kwa mkono mwepesi kuliko kawaida, akiwaonya wenzake wasikaze kupita kiasi. Nilimtazama nikidhani nimeshinda.

Miezi minane baadaye, Januari, saa nne ya asubuhi, vali ya jikoni kwenye gorofa ya tatu ilikatika shingo. Mpangaji alikuwa kazini. Okeyo, mlinzi wetu, alipomaliza kupanda paa na kufunga tangi, maji yalikuwa yameshuka kupitia dari ya Cheruto, mpangaji wa chini yake, anayefuma masweta ya shule. Shule zilikuwa zinafunguliwa juma lililofuata. Masweta mia na ishirini yalikuwa yameloa, rangi ya buluu imeingia kwenye milia ya manjano.

Chama kilikutana siku iliyofuata. Jerotich, mweka hazina, alikuwa amevimba kwa hasira.

"Tulisema tumpe mwanamke nafasi. Si mmeona? Hata kukaza bomba hajui!"

Chelangat, ambaye hufundisha fizikia na huongea kwa nadra, alikuwa akigeuzageuza ile vali iliyokatika. "Imevunjika yenyewe. Haikulegea. Hizi vitu nani alinunua?"

Wote walinigeukia. Hapo ndipo palipokuwa mahali pangu pa kusema. Nilikuwa na lugha, nilikuwa na cheo, na hakuna ambaye angenifukuza.

"Zilinunuliwa kulingana na orodha ya fundi," nikasema.

Kabla ya jioni Jerotich alikuwa ametuma onyo kwenye kundi letu la simu, na kwenye makundi ya vyama vingine vitatu, na la kanisa: msimpe kazi Nangila Makhanu.

Nangila alikuja kwangu wiki ya pili ya Februari, amevaa sketi ya Jumapili. Hakutaja onyo lile ingawa alikuwa ameliona. Alitaja Keringet.

"Mwalimu, sikuombi unisifu. Andika tu nilichofanya. Andika na zile vali, kama ilivyokuwa."

"Subiri mambo yapoe kwanza."

"Yakipoa, kazi itakuwa imeenda."

"Nitaona."

Alipiga simu mara mbili. Mara ya kwanza nilisema niko mkutanoni. Mara ya pili niliiacha ilie. Mwezi uliisha, na kazi ya zahanati akapewa mwingine.

Ningependa kusema dhamiri ilinigutusha. La. Ilikuwa ni vali nyingine, mwezi wa Novemba, iliyoonyesha ufa palepale shingoni. Fundi mgeni aliiondoa, akaivunja kwa vidole mbele yangu kama biskuti, akauliza, "Mathe, nani alinunua hii takataka?" Safari hiyo nilijibu, "Mimi."

Niliandika barua usiku uleule, ukurasa mmoja na nusu, pamoja na lile swali la Chelangat na jibu langu la uongo. Nilimpata Nangila Naivasha. Anaishi mtaa wa Kihoto, ameajiriwa kwenye shamba la maua kutunza mabomba ya umwagiliaji chini ya msimamizi mwenye umri mdogo kuliko wake. Aliisoma akiwa amesimama langoni, buti zimejaa tope.

"Imeandikwa vizuri," alisema. "Unajua kuandika, Mwalimu. Ndiyo maana nilikuja kwako."

"Naweza kuipeleka Keringet mwenyewe."

"Keringet wagonjwa wanaoga tayari." Aliikunja, akanirudishia. "Hii si yangu. Walioambiwa uongo ni wale wa kundi la simu. Wasomee hao."

Niliituma kwenye kundi jioni hiyo, kisha nikaiombea nafasi katika yale makundi mengine. Jerotich aliandika, "Asante kwa taarifa," akabadilisha mada. Nilijiuzulu ukatibu, na hakuna aliyenisihi nibaki.

Tangu hapo wanachama wawili wanaojenga wameniomba namba ya Nangila faraghani. Nimewapa. Wanasema anapokea kwa heshima, anawauliza hali ya watoto, kisha anawaambia kwamba yeye ameandikwa kazi na hachukui tena kazi za nyumba za watu.