Mboga za Malkia

Mwanahamisi hakuwahi kushindwa na tumbo la mtu. Marehemu mumewe alikuwa mgumu wa kula, wakwe zake wagumu zaidi, na wote aliwatia adabu kwa sufuria ya mchicha wa nazi. Basi yaliyomkuta Doha, Qatar, alikokuwa mfanyakazi wa ndani katika fleti ya ghorofani, mtaa wa kitajiri wa The Pearl, yalimuuma hasa: alikuwa ameshindwa na paka.

Paka huyo aliitwa Malkia, na kwa umbo alistahili. Alikuwa mweupe, mnene, mwenye uso wa mtu aliyeletewa chai iliyopoa. Mwenye paka alikuwa Cheryl, Mkenya, meneja wa hoteli, ambaye tangu aache nyama hakuacha kuzungumzia kuacha nyama. Alipokwisha kuwaokoa wafanyakazi wenzake na wafuasi wake wa mtandaoni, akamgeukia mnyama.

"Mwanahamisi, kuanzia leo Malkia anakula majani. Sukuma, spinachi, letasi. Ona vile amenona!"

"Huyu paka, madamu?"

"Kwani kuna mwingine? Ng'ombe anakula majani na ana nguvu."

Mwanahamisi angeweza kujibu kwamba hajawahi kuona ng'ombe akikamata panya, lakini akajizuia. Bintiye Zainabu, huko Tanga, alikuwa na mimba ya kwanza na siku zake zilikuwa zimekaribia. Nani angemkanda mzazi na kumpikia uji wa pilipili manga kama si mama yake? Na Cheryl alishasema wazi: "Malkia akizoea chakula kipya, unaenda likizo. Siwezi kuachwa na paka amenigomea."

Malkia aligoma. Letasi aliinusa, kisha akaikalia. Spinachi aliichota kwa kucha akaitupa kwenye zulia. Sukuma alitafuna jani moja. Cheryl akawahi kupiga picha na kuirusha mtandaoni kwa maneno ya ushindi, na picha ilipokwisha kwenda, Malkia akalitema.

Khalfan, dereva wa Kipemba aliyewaletea mboga kutoka soko la Abu Hamour, alikuwa hapungukiwi na kicheko.

"Da Mwana, mgonjwa wako anaendeleaje?"

"Nicheke tu. Jani halishuki."

"Litashuka vipi? Hata mimi ukinipa sukuma mbichi hivyo nakuitia polisi."

Neno hilo lilimwingia. Kumbe kosa lilikuwa la jikoni! Kwao, jani ambalo halijakutana na kitunguu kwenye mafuta si mboga, ni nyasi. Kesho yake Cheryl alipokwenda kazini, Mwanahamisi aliinjika karai, akakaanga kitunguu hadi kikawa cha kahawia, akatwanga saumu, akamwaga spinachi, kisha akatia dagaa, kidogo tu, kwa ajili ya harufu. Malkia alikuja mbio kabla chakula hakijapoa. Akalamba bakuli mpaka likang'aa.

Cheryl aliporudi na kuona bakuli tupu, nusura alie. "Nilisema mimi! Mwili ukisafishwa unarudi kwa asili yake." Jioni hiyohiyo akakata tiketi ya Mwanahamisi. Habari za karai hazikutajwa. Nani aliuliza?

Malkia akaendelea kupikiwa, na kabla ya wiki kwisha akalegea. Akawa anatapika, hapandi kochi, fizi zimepauka.

"Ni sumu za nyama zinatoka," Cheryl alisema.

Lakini mkojo wa paka ulipotoka mwekundu, hata yeye aliacha kuhubiri. Khalfan akawakimbiza wote kwa daktari wa wanyama, Trevor, Mkenya mwenziwe Cheryl.

"Amekula nini?" Trevor aliuliza.

"Majani pekee. Safi kabisa."

"Majani pekee hayafanyi hivi. Paka mwenye afya akionja letasi au spinachi kidogo hadhuriki, ingawa hashibi. Huyu damu yake inaharibika. Amepewa kitunguu?"

"Kitunguu? Kwangu anakula mbichi!"

Mwanahamisi alikuwa ameshika simu yenye tiketi. Angenyamaza, angesafiri. Malkia alilala mezani, akamtazama, na kwa mara ya kwanza hakumtazama kwa dharau.

"Nilitia mimi," alisema. "Kitunguu na saumu. Nilikaanga vizuri. Na dagaa."

"Dagaa?" Cheryl alipaza sauti kama aliyeibiwa. "Umempa dagaa?"

"Dagaa ndicho chakula pekee hapo," Trevor alisema. "Vitunguu na saumu ni sumu kwake, uvipike usivipike. Na paka ni mla nyama, madam. Ukitaka mla majani, fuga sungura."

Malkia alilazwa, akaongezewa damu, akapona. Siku ya kumchukua, garini, Cheryl alimpakata Malkia.

"Likizo yako iko palepale," alimwambia Mwanahamisi. "Lakini ukirudi, usiguse bakuli la paka. Na hiyo story ya majani yangu ibaki kwa hii gari."

Kwenye uwanja wa ndege, Khalfan alimwonyesha Mwanahamisi video mpya: Cheryl, mkono kifuani, akiwaonya walimwengu juu ya paka na vitunguu, kama mtu aliyezaliwa akiyajua. Wafuasi walikuwa wakimshukuru kwa machozi.

Mwanahamisi akasonya, akampigia Zainabu.

"Mwanangu, nakuja. Utakula mchicha wangu mpaka uombe radhi."

"Njoo, mama. Ila usitie kitunguu. Tangu nishike mimba hii, nikikinusa tu natapika."

Mwanahamisi aliitazama simu. Khalfan, aliyesikia yote, alilazimika kuegemea mkokoteni wa mizigo.