Chumba Walichokiita Stoo

Nilichaguliwa kuwatembeza wageni katika nyumba ya chifu kwa sababu sikuwa mtu wa ukoo wowote. Nilikuwa mwalimu wa historia, mzaliwa wa Njombe, serikali ilikuwa imenipangia Tarime, na Kikurya changu kiliishia kwenye salamu.

"Ndiyo maana tunakutaka," aliniambia afisa utamaduni. "Akisimama mtu wa ukoo huu, ukoo ule utasema historia imeibwa. Wewe ukisimama, watakasirika wote sawasawa."

Nilikubali palepale. Mimi si mtu wa kutulia. Jumamosi katika chumba changu cha kupanga nyuma ya soko zilikuwa zinanitesa. Nilikuwa nafua nguo ambazo hazijachafuka, nahamisha kitanda kutoka ukuta huu kwenda ule, nasoma upya barua yangu ya kuomba uhamisho kana kwamba jibu lingeweza kuwa limeandikwa humohumo. Nilipopewa kazi ya kutembea na kusema, niliona nimepona.

Nyumba ilikuwa nje kidogo ya mji, ya mawe, yenye baraza pana na paa la bati jekundu. Chifu alikuwa amefariki zamani, na watoto wake wametawanyika Musoma na Mwanza. Aliyebaki ni binti yake wa mwisho, nesi mstaafu, aliyeishi katika vyumba viwili vya uani. Yeye ndiye aliyetaka nyumba ifunguliwe kwa watu. Alikuwa mama mrefu, msafi kupita kiasi, na kila mgeni alipomaliza kupita, alikuja nyuma yetu na kitambaa akifuta mahali palipoguswa.

Ziara ilikuwa na njia yake. Tulianzia barazani, ambapo chifu alisikiliza kesi. Tukaingia sebuleni kwenye viti vya ngozi ya ng'ombe, gramafoni isiyolia, na picha za watu waliosimama wima kama wanaogopa kupumua. Kisha chumba cha kulala, na kitanda cha chuma ambacho watoto wa shule walitaka kukirukia. Mwisho tulitoka kupitia uani, na hapo kona, karibu na lilipokuwa zizi, kulikuwa na chumba kidogo chenye mlango mzito na dirisha dogo la nondo. Juu ya mlango kulikuwa na kibao: STOO.

Siku za mwanzo nilimwuliza mama kwa nini stoo ina nondo.

"Ya mahindi," alisema. "Watu walikuwa wanaiba."

Sikuwa na sababu ya kumbishia, ila kila nilipofika pale miguu yangu iliharakisha. Nilikuwa nasema "na hii ni stoo" huku nikiwa nimeshageuka. Wageni kutoka Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirari, hawakuniachia. "Madam, si utupeleke hapo ndani kwanza?" Nikawafungulia, wakachungulia simenti tupu, wakapiga picha wakishika nondo na kucheka, tukaondoka.

Ilipokuja siku ya wazi, afisa utamaduni alitaka iwe kubwa. Turubai lilifungwa, viti vikaazimwa kanisani, ngoma ikaalikwa, na mshereheshaji akapewa kipaza sauti ambacho hakukiachia tena. Wanafunzi walikuja kutoka Issenye na sare zao zimejaa vumbi la safari. Mgeni rasmi alichelewa, na kila alipochelewa zaidi mshereheshaji alizidi kupandisha sauti, akitangaza kwamba yuko njiani, yuko karibu, anaingia. Mimi nilikuwa nazunguka. Nilihesabu viti bila kujua nimehesabu nini. Nilinyoosha picha ambazo zilikuwa zimenyooka. Nilitembeza kundi moja, nikarudi getini kuchukua lingine, na koo langu lilikuwa limekauka kabla ya saa sita.

Kundi kutoka Kisaka lilikuja na Haisi ya kukodi. Walikuwa akina mama wa kikundi cha kanisa, wamevaa vitenge vya sare, wakiimba hata wakati wa kushuka. Mmoja wao hakuimba. Alikuwa bibi mfupi, mkavu, mwenye fimbo ambayo hakuiegemea, aliishika tu. Nilipowapokea barazani na kuanza maelezo yangu, aliniacha nikiongea. Alipita pembeni ya nyumba moja kwa moja, kama mtu anayejua njia.

Nilimkimbilia. Nilimkuta amesimama ndani ya stoo, akitazama dirisha.

"Shikamoo bibi. Huku tutafika mwisho."

"Marahaba. Mimi nimeanzia hapa." Akainua mkono akagusa nondo. "Lilikuwa juu zaidi. Au mimi ndiye nilikuwa mfupi."

"Ulishawahi kufika hapa?"

Alinyoosha fimbo kuelekea kwenye kibao juu ya mlango. "Pale pameandikwa nini?"

"Stoo."

"Stoo ya nini?"

"Ya mahindi, bibi. Ndivyo tulivyoambiwa."

Akanitazama. Hakuwa na hasira nami; alinitazama kama mtu anayepima kama inafaa kunieleza. "Baba yangu hakuwa mahindi," alisema.

Kisha akakaa chini. Alinyoosha miguu, akaweka fimbo mapajani, akaegemea ukuta. Alinieleza akiwa hapohapo sakafuni. Yeye ni mzaliwa wa hukuhuku, si mbali na ile nyumba. Kisaka ameolewa tu. Alipokuwa mtoto, baba yake alikataa kwenda kufanya kazi ya barabara ya lazima, akakamatwa na askari wa chifu, akawekwa humu na wengine mpaka walipopelekwa barabarani. Mama yake alikuwa anapika ugali wa mtama, anautia kwenye majani ya mgomba, wanakuja wote wawili, mama na mtoto, na kuupitisha dirishani. Baba alirudi nyumbani baada ya ile kazi, lakini alirudi na kifua kibovu, na hakikupona.

"Alikuwa anasema aliugua hapa, si barabarani. Alisema walilala kwenye maji. Kaka zangu walimcheka. Walisema nyumba ya chifu ni ya mawe na simenti, maji yangetoka wapi? Amekufa wakimwita mwongo. Nimekuja kuona hiyo sakafu."

Sote wawili tuliitazama sakafu. Ilikuwa ya simenti, kavu, laini.

Nilisema nitamwita mwenye nyumba, nikatoka mbio. Uani ngoma ilikuwa imeanza, mshereheshaji anatangaza kwamba sasa kweli mgeni rasmi anaingia. Nilimkuta mama nesi anafunga kilemba mbele ya kioo. Nilimweleza haraka haraka, vibaya, nikichanganya maneno. Mikono yake ilisimama kichwani.

Alikuja. Alisimama mlangoni mwa stoo, yule bibi amekaa chini, na hakuna aliyemsalimia mwenzake. Nilikuwa nimekaa Tarime muda wa kutosha kujua uzito wa jambo hilo.

"Mama, inuka. Kuna wageni."

"Na mimi ni mgeni."

"Hii ni nyumba ya baba yangu. Baba yangu alilisha watu hapa. Wenye njaa walikuja kula hapa."

"Najua ni ya baba yako. Na humu alilala wangu. Sikuja kukudai kitu. Niambie tu, hii sakafu ilikuwa ya simenti?"

"Ilikuwa stoo!"

Aliisema kwa sauti iliyowafikia wanafunzi wa Issenye, na baadhi yao wakasogea. Bibi hakupandisha sauti yake. Aliuliza tena, neno kwa neno, kama nesi mwenyewe angemwuliza mgonjwa asiyetaka kusema anaumwa wapi. Mama akageuka, akaenda vyumbani kwake, nikasikia komeo.

Mchana wote uliobaki nilikuwa kama mtu mwenye siafu kwenye viatu. Nilikwenda kugonga kwa mama, hakufungua. Nilirudi stoo, bibi yumo. Nilitakiwa kumtembeza mgeni rasmi, nikamtembeza. Nikaeleza gramafoni, nikaeleza kitanda, na tulipofika uani nikasema ziara imeishia hapo. Akanishukuru, akaenda kula. Hatimaye akina mama wa Kisaka walikuja kumchukua mwenzao. Walimwinua taratibu, magoti yake yamegoma, wakampangusa kitenge. Alipopita mbele yangu alisema, "Wewe hujui, mwanangu. Si kosa lako. Lakini yule anajua."

Nyumba ikafungwa. Mama alituma ujumbe mfupi kwa afisa utamaduni kwamba anaumwa. Sikuwa na ziara tena, na Jumamosi zangu zikarudi zilivyokuwa, ila mbaya zaidi. Darasani niliandika ubaoni nikafuta kabla wanafunzi hawajanakili. Nilikuwa napanda bodaboda hadi kwenye lile geti, nasimama, narudi. Dereva aliyenibeba mara nyingi alinihurumia. "Madam, huyo mtu unayemfuata hakutaki," alisema, akidhani ni mambo ya mapenzi. Nilishindwa hata kucheka.

Halafu asubuhi moja, shule zikiwa zimefungwa, mama alinipigia simu.

"Mwalimu, unapajua kwa yule mama wa Kisaka?"

"Nitapatafuta."

"Basi twende. Kabla sijabadilisha mawazo."

Tulikodi gari. Njia nzima alishika mkoba wake kama watu wanavyoushika stendi, na mara mbili aliniambia nimwambie dereva ageuze. Nilijifanya sijasikia. Kila mara gari lilipopunguza mwendo kwa ajili ya ng'ombe, alishika mpini wa mlango. Nilielewa hali hiyo. Mimi ningekuwa nimeshashuka.

Tulimkuta bibi amekaa nje ya nyumba yake, anapepeta ulezi. Alituona tangu tunashuka, hakuacha kupepeta. Mama alitembea mpaka mbele yake, akainama kidogo.

"Shikamoo, dada."

Ungo uliendelea kidogo, ukasimama.

"Marahaba."

Kiti kililetwa, mama hakukikalia. Alizungumza akiwa amesimama, haraka, kama anayesoma dawa zilizoandikwa kwenye cheti cha mgonjwa.

"Ilikuwa ya udongo. Simenti iliwekwa baadaye, mimi nikiwa kwenye masomo ya unesi. Nilipokuwa mtoto ilikuwa udongo. Na mvua iliponyesha, maji ya zizini yaliingia kwa chini ya mlango, kwa sababu ule upande umeinama. Niliyaona. Nilikuwa napeleka maji ya kunywa, natumwa na mama. Niliambiwa hao ni wageni wa baba. Nikauliza kwa nini wageni wanafungiwa, nikapigwa. Sikuuliza tena."

Kuku walikuwa wanadonoa ulezi uliomwagika na bibi hakuwafukuza.

"Walipewa blanketi?" aliuliza mwishoni.

"Mimi sikuona blanketi."

"Na baba yangu? Mtu mwenye pengo hapa, mrefu. Ulimwona?"

Mama alifikiri. Niliona anatamani sana kusema ndiyo. "Sikumbuki nyuso," alisema. "Nakumbuka mikono tu. Dirisha lilikuwa juu, walikuwa wanatoa mikono kupokea kata ya maji."

Bibi aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayepokea kitu alichokuwa ameagiza. Akamwita kaka yake mdogo, pekee aliyebaki hai, ambaye alimfuata Kisaka na kujenga boma la jirani. Mzee alikuja polepole akiwa na redio mkononi. Dada yake alimwambia mama, "Mweleze na huyu." Mama akarudia yote, udongo, maji, zizi. Mzee alizima redio. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasema neno moja la Kikurya ambalo sikulielewa, kisha akaondoka kuelekea mashambani, na dada yake hakumwita.

Hawakukumbatiana wale wawili. Tulipewa chai ya maziwa, wakaongea habari za magoti na presha, nesi akamwelekeza bibi dawa ipi anywe asubuhi na ipi aache. Mimi nilikunywa chai nikiwa nimesimama.

Mama alipoondoa kile kibao, watoto wa kaka zake walikuja kutoka Mwanza kwa hasira. Walisema anamwuza babu yao kwa wageni, wakachukua picha kubwa ya sebuleni wakaondoka nayo. Mahali ilipokuwa pamebaki peupe ukutani, na watu wananiuliza kulikuwa na nini, nawaambia. Makundi mengine hayapendi ile ziara siku hizi. Mtu mmoja aliniambia usoni kwamba alikuja kufurahi, si kusikia kesi za wafu. Wengine wanaingia stoo, wanatoka, wanaanza kukumbushana majina ya watu wao, na ratiba yangu inaharibika kabisa.

Bibi wa Kisaka hajarudi. Alituma salamu tu, na ulezi.

Siku ya kwanza nyumba ilipofunguliwa tena, nilimwuliza mama nieleze nini pale kona. Alisema nisieleze kitu, ataeleza mwenyewe. Kundi la kwanza lilikuwa la wenyeji wa vijiji vya jirani, wazee kwa vijana. Aliwaingiza ndani, akajaribu kwa Kiswahili, akakwama kwenye sentensi ya pili. Akaanza upya kwa Kikurya. Sikuelewa chochote. Nilibaki nje, kazi yangu imechukuliwa, nikaizunguka nyumba mara nyingi, sauti yake ikinifikia kupitia lile dirisha, ikikatika, ikiendelea. Walikaa humo muda mrefu kuliko kundi lolote nililowahi kulitembeza. Alipotoka alikuwa anajifuta shingo kwa kile kitambaa chake cha vumbi.

"Mwalimu," aliniambia, "wapeleke sebuleni. Mimi nimechoka."

Nikawapeleka.