Watu Wetu wa Korosho

Harufu ya sabuni ya mche haijawahi kunitoka puani. Sisemi hizi za maua zinazouzwa siku hizi Mtwara mjini ndani ya karatasi zinazometameta. Nasema ile ya mche mrefu, ngumu, unayoikata kwa uzi. Juzi nilikuwa uani naikata, vipande vinadondoka kwenye beseni, na karibu yangu mjukuu wangu Salha, aliyekuja likizo, alikuwa mkekani na wenzake wawili wanatengeneza watu.

Watu wa mchezo, wenzangu, msishtuke. Kila mmoja anabuni mtu wake: jina lake, kazi yake, anachokiweza, anachokiogopa. Wanarusha dadu kujua ana nguvu kiasi gani. Halafu wanampangia moyo. Salha alikuwa amechora viboksi tisa. Huku mwema, wa katikati, mbaya. Huku mtiifu wa sheria, wa katikati, mkaidi.

"Lazima akae kwenye kimoja, Bibi," akanieleza. "Ukishamweka, unajua atafanya nini."

"Na asipofanya?"

"Basi umemcheza vibaya."

Wenzake wakacheka chini chini, wakidhani bibi kashindwa kuelewa. Bibi alikuwa ameelewa. Mchezo ule niliucheza kabla mama yake Salha hajazaliwa, bila dadu wala karatasi. Sisi tulitumia korosho.

Kijiji chetu kilikuwa juu kidogo ya mdomo wa Ruvuma, mahali ambapo upepo ukigeuka unaleta harufu ya tope la mikoko hadi jikoni. Miaka ile maduka yalikuwa matupu. Watoto wa sasa ukiwaambia hivyo wanafikiri bei ilipanda. Hapana. Muuza duka alifungua mlango asubuhi, akafagia, akakaa kwenye kigoda mpaka jua likazama, akafunga. Nguo tulizifua kwa majani ya mpapai. Ukipita karibu na mtu aliyeoga kwa sabuni ulijua, na jioni kijiji kizima kilikuwa kimejua.

Rafiki yangu aliitwa Somoe. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na baba yake alikuwa mgambo wa kijiji. Mchezo wetu tuliuita kupanga watu. Mwanzoni tuliuita kuumba watu, mama akatukemea: kuumba kuna mwenyewe, na hajawahi kuomba msaidizi. Tukabadilisha jina, tukaendelea.

Ulichezwa hivi. Unachukua korosho moja yenye ganda, katika zile zilizotupwa pembeni kwa kuwa hazifai kuuzwa. Unaidondosha ndani ya karai la maji. Ikizama, mtu wako ana moyo mzuri, moyo wenye uzito. Ikielea, moyo wake mtupu, huyo ni mbaya. Kisha unaitoa, unaichezesha viganjani, unaitupa kwenye mchanga. Korosho ina pua, pale iliposhikana na bibo, tunda lake. Pua ikitazama nyumbani, mtu wako anatii. Ikitazama njiani, mkaidi. Baada ya hapo ndipo unampa jina na kazi, na siku nzima unakuwa yeye. Ukiitwa kwenda kuchota maji, unakwenda kama yeye.

Mimi niliwahi kupata nesi mbaya mtiifu. Nilimdunga Somoe kwa mwiba wa mlimau, taratibu, nikimwomba radhi kila mara kama wanavyofanya zahanati, mpaka akalia kweli. Tuliupenda sana mchezo ule.

Siku ninayoikumbuka, mama alikuwa amekwenda msibani, tumebaki wawili uani. Ilikuwa msimu, mabibo yamelala chini yameiva kupita kiasi, nyuki wamejaa. Somoe alidondosha yake, ikazama. Akaitupa, pua ikatazama nyumbani. Mwema mtiifu. Akasema hapohapo atakuwa mgambo, wala sikushangaa. Yangu nayo ikazama. Nikaitupa, pua ikatazama njiani.

"Mwema mkaidi," nikasema.

"Hakuna mtu huyo," akasema Somoe. "Tupa tena."

"Yupo. Si korosho imesema?"

"We Fatu, baba anasema anayevunja sheria ni mbaya, basi. Hakuna mbaya wa kuvunja na mwema wa kuvunja."

"Baba yako hajui korosho."

Tukabishana mpaka akachoka, akakubali kwa sharti moja: mtu wangu awe mchuuzi wa magendo, ili yeye apate wa kumkamata. Akajifunga kamba kiunoni iwe mkanda, akaokota kijiti, akabisha kwenye nguzo ya jiko letu kwa sauti nzito. "Mama, tunaomba ushirikiano wako."

Nikacheka. Kisha kicheko kikaniishia, kwa sababu alikuwa ameshaingia jikoni.

Sasa niwaambie mlichokuwa hamjakijua. Baba yangu alikuwa amefariki. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa akivuka mto kwa mtumbwi na kurudi na miche ya sabuni, na mama aliiuza kipande kipande kwa wanawake wenzake. Hakupandisha bei. Nyumba yenye mzazi na kichanga alipeleka bure, amekificha kipande ndani ya majani ya kisamvu. Lakini ilikuwa magendo, na msako ulikuwa umeshafika kijiji cha jirani. Huko walikuwa wamempakia mwanamke kwenye gari na mtoto wake akabaki ameshika kanga. Mama alinikalisha akaniambia: nikichukuliwa mimi, wewe huna mtu. Aliniambia mara moja tu. Mama hakuwa mtu wa kurudia.

Somoe alikuwa akifanya kama baba yake afanyavyo kazini. Anagonga kwa kijiti, anasikiliza. Akagonga kinu. Akagonga mtungi. Nikamwambia mchuuzi wangu amekimbilia shambani, twende tukamfuate, akasema mgambo hadanganywi hivyo. Akagonga debe la makopa. Debe lililojaa mihogo mikavu ukiligonga linachakarika. Lile lilinyamaza. Somoe akainamisha kichwa, akagonga tena, akaondoa ubao uliofunika, akapenyeza mkono katikati ya makopa hadi kwenye kiwiko.

Alipoutoa alikuwa ameshika nusu mche.

"Fatu," akasema, na sauti ya mgambo ilikuwa imemtoka. "Hii ya kweli."

"Rudisha."

"Ya mama yako?"

"Rudisha, nimesema."

Akarudisha, akapanga makopa juu vizuri kuliko yalivyokuwa. Kisha akanusa kiganja chake, akanitazama. "Baba atainusa."

Tukaenda nyuma ya jiko. Tukausugua mkono kwa mchanga, ukanuka sabuni. Kwa majivu, ukanuka sabuni na majivu. Ndipo mimi nikaokota mabibo yaliyooza, nikayakamua juu ya mkono wake mpaka maji yakamfika kwapani. Akaondoka amejaa madoa, ananuka kama mlevi wa uraka, ile pombe ya mabibo, na nyuki wawili nyuma yake. Hatukucheka.

Mama aliporudi nilimweleza, maana nilijua ataniona usoni. Hakunipiga. Alikaa kwenye kizingiti bado amejitanda kanga ya msiba. Kuihamisha sabuni asingeweza: mchana watu wanapita, na harufu ile huibebi njiani ukafika.

"Somoe ni rafiki yako?"

"Ndiyo, mama."

"Rafiki kiasi gani?"

Sikujua nipime kwa kipimo gani. Akaniangalia kidogo, akaenda kuchemsha ming'oko, viazi vya porini, tukala.

Kesho yake, jua limeshapanda, wakaja. Baba Somoe, na kijana mmoja mgeni aliyeletwa na msako, mwenye viatu vya kufunga kamba na haraka ya mtu anayetaka kusifiwa. Baba Somoe alikuwa mtu mnene, wa polepole. Akapiga hodi, mama akawakaribisha, mimi nikawaamkia.

"Tumetumwa, mama Fatu. Nyumba zote," akasema.

"Tafuteni, baba Somoe. Nyumba ndiyo hii."

Akaingia jikoni, akajishika goti, akalalamika kwamba miguu inamsumbua tangu alfajiri. Akatazama huku na huku kama mtu anayetafuta kigoda. Kigoda kilikuwepo, karibu na mafiga. Akakipita. Akakaa juu ya debe la makopa.

Nilimtazama mama. Mama alikuwa akitazama sufuria.

"Angalia uvunguni," baba Somoe akamwambia yule kijana. "Angalia darini. Hicho kikapu kimwage." Kijana akamwaga, akapanda, akashuka ana masizi hadi kwenye kope. Baba Somoe akaomba maji ya kunywa. Mama akamletea kwenye kikombe cha kauri, kile cha wageni, ambacho hata msibani kwa baba hakikutolewa. Akanywa taratibu, akauliza habari za mihogo, akasema mwaka huu ngedere wamezidi.

Kijana akasimama mbele yake, anajipangusa. "Na hilo debe, mzee?"

"Nimelikalia tangu tumeingia," akajibu. "Ingekuwa sabuni ningeshateleza."

Kijana akacheka. Mama naye akacheka, kicheko kifupi ambacho sijawahi kukisikia kwake tena. Wakaaga, wakaenda nyumba inayofuata. Mama alibaki ameshika kikombe, na nilipomwambia wameshaondoka akasema anajua, lakini miguu yake haijui.

Mimi kwa akili yangu ya kitoto nilimwona baba Somoe mjinga. Mtu kakalia sabuni anauliza ngedere. Niliona pia kwamba aliyetuokoa ni Somoe, kwa kufunga mdomo wake. Jioni nilimkimbilia kisimani nikamwambia ahsante.

"Ya nini?"

"Ya kunyamaza."

Akainama, akaanza kuvuta ndoo ya maji. Baada ya siku ile hakutaka tena kupanga watu. Nikamletea korosho nzuri, kubwa, akasema mchezo wa kitoto. Nilidhani amekua kunizidi.

Nilikuja kuelewa sehemu ya kwanza nilipokuwa na nyumba yangu, siku moja nikimwona mtu mnene akitafuta pa kukaa, akakiendea kigoda moja kwa moja. Nikakumbuka jiko letu siku ya msako. Kigoda kilikuwepo. Baba Somoe hakuwa mjinga. Alijua alichokikalia, nami nikadhani pua yake ndiyo iliyomwambia. Na msifikiri alikuwa mgambo mlegevu wa kumwachia kila mtu: katika msako uleule alimkamata mwanamume aliyefungia magunia ya chumvi akingoja watu waishiwe, wala hakumwonea haya, na walikuwa wamekaa jando moja. Salha nilipomsimulia hapa alishika kalamu, akatazama viboksi vyake tisa kwa muda mrefu. Nikamwambia asijisumbue, mimi nimemtafutia kiboksi mtu yule maisha yangu yote.

Lakini sehemu ya pili sikuielewa mpaka mzee yule alipofariki.

Mjue kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nikiisimulia habari ya Somoe. Niliwasimulia wanangu. Niliisimulia hata kwenye ngoma ya unyago ya binti yake, mbele ya wasichana, nikawaambia mkitaka kujua rafiki ni nani, mtazameni huyu: alishika siri ya nyumba yetu kwa mkono wake, akanyamaza. Wanawake wakapiga vigelegele. Somoe alikuwa akitazama mkeka.

Msibani kwa baba yake tulikaa pamoja, wazee wawili, tumeegemea ukuta. Wenzetu walikuwa wamekwenda kupika. Akaniambia bila kugeuza uso, "Fatu, mimi sikunyamaza."

Nikadhani anazungumzia jambo jingine.

"Jioni ileile. Aliniuliza mbona nanuka bibo. Nikamwambia yote. Debe, makopa, sabuni. Nilimwambia kwa sababu nilikuwa mtoto wa mgambo, na sheria ilikuwa hivyo. Halafu nikalia mpaka nikalala, maana nilijua kesho mama yako anachukuliwa na mimi ndiye niliyemkamata."

"Yeye alisemaje?"

"Aliniuliza debe lipo upande gani wa jiko. Nikamwambia. Akasema nikalale."

Nilitaka kumkasirikia, nikatafuta hasira hiyo nisiione. Kisha jambo lote likajigeuza ndani ya kichwa changu, polepole, kama mtu anayejigeuza kitandani.

Angenyamaza kama nilivyomsifia, baba yake angeingia jikoni kwetu akiwa hajui kitu. Angechoka, angekaa kwenye kigoda, karibu na mafiga, kama mgeni yeyote. Na yule kijana wa viatu vya kamba angelifungua debe.

Nikamwambia hivyo. Somoe alichukua upande wa kanga yake akajifuta macho, na mimi nikamwacha alie kwa nafasi, maana yule mtoto aliyelala akilia kwamba ametushitaki hakuwa amewahi kubembelezwa na mtu.