Kinyonga na Mdogo Wangu Asiye na Jina

Usinikunjie uso kabla sijaanza. Wewe uliyesoma unajua kinyonga ni mjusi tu, sawa. Mimi niliishia darasa la nne, lakini kinyonga nimemuuguza mara mbili. Basi nyamaza unisikilize.

Nilipokuwa mtoto kule Kasulu, tulikuwa na mchezo mbaya. Tukimwona kinyonga, tunamfungua mdomo kwa kijiti tunamtia ugoro. Anageuka mweusi, anayumba kama mlevi, anakufa. Wakubwa hawakutukataza. Walisema ndiye aliyetumwa na Mungu atuambie hatutakufa, akajikokota njiani mpaka habari ikachacha. Kwa hiyo anastahili.

Siku moja nilimwokota mmoja bado anapumua. Sikumhurumia, tusidanganyane. Nilitaka tu kuona kama atapona. Nilimsafisha mdomo kwa unyoya uliolowa, nikamficha kwenye kikapu uvunguni mwa kitanda cha mama. Na mama alikuwa na mimba ya miezi minane. Bibi alikuwa ametuonya mara ngapi sijui: kinyonga na mwenye mimba hawalali nyumba moja, mmoja akipata nguvu, ameichota kwa mwenzake. Nilisikia. Mtoto husikia akaendelea na yake.

Maji ya kisahani aliyakataa. Nilipodondosha matone kwenye jani, akayalamba. Siku ya tano akawa kijani kama jani lenyewe. Siku hiyohiyo mama alijifungua mtoto wa kiume, akatoka kimya. Walimzika kabla hajapewa jina.

Bibi alipofagia uvunguni alikikuta kikapu. Hakunipiga. Alimtazama kinyonga, akanitazama mimi.

"Amepona," akasema. "Umemuuguza vizuri."

Basi. Mama hakuambiwa. Zaidi ya miaka sitini imepita na sijui kama nilisifiwa au nilihukumiwa.

Sasa njoo Bellevue, mtaa wa Johannesburg, mwaka 2017, kwenye vyumba viwili alivyopanga mwanangu. Mjukuu wangu Neema, miaka tisa, alirudi shuleni na boksi la viatu. Ndani kuna kinyonga, mweusi, macho yamezama. Watoto wa barabarani walikuwa wamemtia majivu ya sigara mdomoni. Nikashangaa. Huku nako nani amewafundisha?

"Bibi, yeye hataki maji," Neema akasema, anamsukumia kisahani.

"Hanywi kwenye sahani huyo, siyo paka. Kakate tawi la mlimao."

"Eish, Bibi! Wewe nani alikuambia?"

Nilitafuta unyoya. Mikono ilikumbuka yenyewe, mimi nilikuwa naitazama tu. Siku ya nne ubavu wake ukaanza kurudi kijani. Hapo ndipo mkamwana wangu Stella, msusi wa nywele, aliposimama mlangoni na tumbo lake la miezi minane, anacheka.

"Mama, kumbe wewe daktari wa vinyonga! Hebu mlete nimwone."

"Usimsogelee!"

Ilibidi nimweleze. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Hayo ni ya Kasulu, Mama. Hapa Joburg. Jana tu kliniki wamemsikiliza mtoto, moyo unapiga kama ngoma ya harusi."

Nikabaki na boksi mkononi, akili imevurugika. Nikimtoa kinyonga nje, nimekubali kwamba mdogo wangu nilimuua mimi. Nikimwacha ndani na likatokea la kutokea, nimeua wa pili. Nilisimama hapo mpaka Neema akaniuliza kama naumwa.

Nikamtoa. Neema alilia, akaniita mchawi, nami nikamwambia mchawi hanyweshi mtu maji. Boksi nililifunga kwenye mlimao wa uani, nikaendelea kumdondoshea matone hukohuko, mpaka asubuhi moja akatoka kwenye boksi, akapanda juu, akapotea kwenye majani. Alikuwa mzima kabisa. Mwezi uliofuata Stella akajifungua mtoto wa kiume aliyelia mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa mtoto huyo anatembea, anaangusha vyombo. Juzi Stella alikuwa anakoroga mboga, akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma:

"Mama, si unaona? Hakuna lolote. Mdogo wako alikufa kifo chake tu. Jisamehe."

Anaona nini? Kinyonga alikuwa nje! Angelala ndani na mtoto akalia vilevile, leo ningekuwa nimefunguliwa. Nilichokitaka miaka sitini kilikuwa ndani ya boksi la viatu, nikakibeba kwa mikono yangu nikakitoa uani. Labda nilimwokoa mtoto. Labda nilimsumbua mjusi bure. Na nisingethubutu kufanya vingine, hata leo.

"Umenisikia, Mama?"

"Nimesikia. Mboga yako inaungua."

Nikachukua kikombe cha maji, nikatoka uani kwenye mlimao, nikafunga mlango.